Mashine Nayo Ipimwe

Kila umeme unapopungua nchini, mshitakiwa hujulikana kabla ya kesi kusikilizwa: ni mkulima na mfugaji wa bondeni. Mwaka 2006, maji ya Mtera yalipopungua na umeme ukagawiwa kwa zamu, lawama ziliiangukia Usangu na wafugaji wakaondoshwa. Mwaka 2012 ikaja zamu ya bonde la Kilombero. Kwamba kingo za mto zihifadhiwe, hilo halina ubishi, na mkulima wa mpunga wa Katindiuka analijua kuliko mwandika waraka.

Lakini mashine imeulizwa lini?

Mchanga unaoletwa na mto husugua mapanga ya turbini. Chuma kikilika, sehemu ya maji hupita bila kusukuma kitu. Kadhalika, turbini za namna ya zile za Kidatu zikiendeshwa kwa nusu ya uwezo wake, hutumia maji mengi zaidi kwa kila yuniti. Ubadhirifu huo hauonekani kwa macho kama shamba lililolimwa kandokando ya mto, ndiyo maana haumkeri mtu.

Huko Kihansi, ambako maji huporomoka zaidi ya meta 800, meta moja ya ujazo yaweza kutoa yuniti kama mbili. Kidatu, kwa poromoko la kiasi cha meta 175, haifikishi hata nusu yuniti. Na bwawa la Julius Nyerere, linalokunywa maji ya Kilombero, lina mitambo tisa yenye jumla ya megawati 2,115. Ufanisi ukishuka kwa asilimia tatu tu, zitapotea megawati 63, yaani zaidi ya mtambo mzima wa Kihansi.

Katika kituo cha Ingula, Afrika Kusini, mashine ile ile hupandisha maji mlimani umeme unapokuwa mwingi, kisha huyateremsha mahitaji yanapozidi. Hasara hupatikana kwenda na kurudi, hata robo hivi ya umeme ikapotea. Kwa hiyo kila asilimia hupiganiwa.

Atatokea wa kusema kwamba hesabu hizi ni za wahandisi peke yao. Hiyo ni kasumba. Mwalimu wa fizikia huzipiga ubaoni kwa dakika kumi, mradi apewe takwimu. Basi kila kituo kibandike langoni, mwezi hata mwezi, maji yaliyopita na yuniti zilizopatikana. Na afisa atakayekwenda Katindiuka na amri ya kuhamisha watu, aende na karatasi hiyo mkononi.