Magogo Yako ni Akiba, Usiyamalize Ukutani

Mkulima, huenda unafikiri kujenga nyumba ya miti mwaka huu. Fikira hiyo ni njema. Katika Kinangop na sehemu nyingine za baridi, miti hupatikana karibu kuliko mawe ya kuchonga, na nyumba ya miti iliyojengwa vizuri huweza kumfaa hata mjukuu wako. Lakini liko neno la kusema kabla hujashika shoka.

Wako watu wanaopenda nyumba ya magogo mazima, yaliyolazwa moja juu ya jingine na kuchongwa yashikane pembeni, kama wanavyojenga Norway na Finland. Ni nyumba ya kupendeza. Hata hivyo, kwa maoni yangu haimfai mkulima wa skimu mwenye ekari chache. Yamfaa mtu mwenye msitu.

Hebu tuhesabu pamoja. Chukua nyumba ndogo ya futi 20 kwa futi 14, yenye kuta za futi 8 kwenda juu. Gogo lenye unene wa inchi 8 hujaza inchi 8 za ukuta. Basi kila ukuta unataka magogo 12, na kuta nne ni magogo 48. Hapo hujahesabu paa wala sakafu.

Sasa yapasue magogo hayo hayo. Gogo moja la inchi 8 laweza kutoa mbao 4 za upana wa inchi 5 na unene wa inchi 1. Ukizipigilia zikilaliana kwa inchi 1, kila ukuta utataka mbao 24, yaani magogo 6. Kuta nne ni magogo 24. Ongeza magogo mengine 6 ya nguzo na ya kushikilia mbao, jumla ni 30. Umebakiwa na magogo 18 yamesimama shambani, pamoja na rundo la mabanzi ya kujengea jiko na banda la kuku.

Magogo 18 si kitu kidogo. Msaipresi wa kupasua mbao kwa kawaida huvunwa ukiwa na miaka 25 hadi 30 hivi. Skimu za Ekari Milioni zilipoanza mwaka 1962, familia nyingi zilipewa ardhi ya kutosha kulima, kulisha ng'ombe na kupanda miti. Leo mashamba mengi yamegawanywa kwa watoto, na mstari wa miti mpakani ndio msitu wote uliobaki. Mti huo ni karo ya shule, ni dawa ya hospitali, tena huzuia upepo usipige mazao. Ukiukata leo, kuupata mwingine ni kazi ya miaka.

Utasema, "Gogo zima lina joto, na huku kwetu Julai ni baridi kali." Ni kweli. Lakini baridi ya usiku hupitia zaidi katika nyufa. Gogo bichi likikauka hunywea, ukuta hushuka, mlango hukwama na nyufa hutokea, nalo huchukua mwaka au zaidi kukauka. Mbao ya inchi 1, ikipangwa kivulini na vijiti katikati ili hewa ipite, hukauka kwa miezi michache tu. Chumba cha kulala kipigilie fito za mabanzi kwa ndani, kisha ukandike udongo uliochanganywa na majani makavu. Utalala bila kutetemeka.

Ukikubali shauri hili, shika mambo machache. Menya gome lote, kwa maana wadudu hujificha humo. Weka nguzo juu ya mawe au saruji, futi 1 kutoka ardhini, kwa kuwa mti unaogusa udongo huoza na kuliwa na mchwa. Toa paa nje futi 2 kila upande ili mvua isipige kuta. Paa hilo litakuwa futi 24 kwa futi 18, na inchi 1 ya mvua juu yake ni kama lita 1,000 za maji. Basi weka mifereji na tangi, mama asiende mtoni. Jiko lijenge mbali kidogo na nyumba, kwa ajili ya moshi na hatari ya moto.

Tena, usianze nyumba ya vyumba sita kwa fedha za msimu mmoja wa viazi. Nyumba isiyo na paa huoza kabla hujaihamia. Jenga vyumba viwili, uvimalize, uache upande mmoja wa kuongezea baadaye. Chora ramani ardhini kwa kamba na vigingi, uite mkeo na watoto, mtembee ndani yake. Kurekebisha kamba ni bure. Kubomoa ukuta ni gharama.

Kabla ya kukata, muulize afisa wa misitu juu ya kibali cha kukata na kusafirisha miti, na ofisi ya kaunti juu ya kibali cha kujenga. Miti ya asili kama mtarakwa usiiguse bila ruhusa.

Kisha mvua zikianza, panda miche mingi kuliko miti uliyokata. Mtoto wako naye atataka kujenga.