Mtihani wa kusahau usiwe mtihani wa Kiingereza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nitoe maoni yangu juu ya wazee wenye asili ya India, Pakistan na Bangladesh walioko Uingereza ambao wanapatwa na dimensha, yaani ule ugonjwa wa kusahau unaokula akili taratibu.

Huenda msomaji akauliza, yatuhusu nini? Yanatuhusu. Wengi wa wazee wa Leicester na London walizaliwa Kampala, Nairobi, Zanzibar na Dar es Salaam. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa siku 90 wawe wameondoka Uganda, na zaidi ya 27,000 wakaingia Uingereza. Halmashauri ya Leicester ilitangaza katika gazeti la Uganda kwamba wasiende huko. Walikwenda. Vijana wa siku zile leo wana miaka 70 na 80.

Katika Kigujarati, Kipunjabi na Kiurdu ugonjwa huu hauna jina la kawaida. Mgonjwa huitwa pagal, yaani mwenda wazimu, au husemwa ni uzee tu. Familia huona haya na kumficha bibi ndani, maana jirani akijua hata posa ya mjukuu yaweza kuvunjika. Anapofikishwa kwa daktari, ugonjwa umekwisha komaa.

Na huko kwa daktari ndiko kwenye dukuduku langu hasa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kila mwaka naona mtoto hodari wa hesabu kwa Kiswahili, akifika sekondari na kuulizwa kwa Kiingereza anaonekana mjinga. Basi kipimo cha mwaka 1975 kilichoenea duniani humtaka mgonjwa aandike sentensi, tena ataje herufi za neno la Kiingereza kinyumenyume. Bibi wa Sylhet ambaye hakuwahi kuingia darasani ataandika nini? Ataonekana mgonjwa hali ni mzima, na mwenzake aliyesoma sana atapasi hali amekwisha anza kupotea. Mara nyingine mkalimani ni mwanawe. Mtoto gani atamwuliza mama yake mbele ya mgeni kama anajikojolea? Atapunguza swali na kupamba jibu.

Familia moja iliyokuwa na duka katika mji wetu ilihamia huko. Mwana wao alipopita huku mwaka juzi alinieleza kuwa mama yake amesahau Kiingereza chote, amebaki na Kigujarati na Kiswahili. Mtumishi wa kituo cha wazee aliandika kwamba mama huyo anapayuka maneno yasiyo na maana. Kumbe alikuwa anaomba maji!

Isisemwe kwamba vipimo vya haki haviwezekani. Australia walitoa kimoja mwaka 2004 kwa ajili ya watu wa lugha mbalimbali, na hata hapa kwetu, wilayani Hai, watafiti walitengeneza kisichohitaji kusoma wala kuandika. Mzee hupanga njiti za kiberiti kama alivyoonyeshwa. Hospitali za Uingereza zenye fedha zinashindwa nini kuwa na wakalimani wa kazi hiyo?

Hata misaada ina kasoro. Wakubwa husema Waasia wanatunzana wenyewe, na mzigo wote huangukia mkwe wa kike, usiku na mchana. Anayeomba nafasi kituoni hukuta Mjaini asiyekula nyama anapewa nyama, au mama wa Kiislamu anaogeshwa na mwanamume. Akishuhudia hayo hurudi na mgonjwa wake nyumbani, kisha wakubwa walewale husema, si tuliwaambia?

Nawaomba Watanzania wanaofanya kazi katika vituo vya wazee huko: mkimsikia bibi wa Kihindi akisema Kiswahili, msemezeni, na mwandike katika faili lake alichokisema.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Korogwe, Tanga.