Pasipoti Haina Ulimi

Iko desturi moja ya ulimwengu wa leo ambayo watu wenye elimu huipita kimya, ijapokuwa inawadhulumu wengi. Desturi yenyewe ni kumpima mwalimu wa Kiingereza kwa pasipoti aliyo nayo mfukoni, wala si kwa maarifa aliyo nayo kichwani. Nakusudia kuishitaki desturi hiyo mbele ya wasomaji wa jarida hili. Shahidi wangu ni mtu mwenye uraia wa nchi mbili, kwa kuwa hakuna awezaye kuifichua kuliko yeye.

Kijana mmoja niliyemfundisha zamani alizaliwa Mombasa, mama yake Mkenya na baba yake Mwingereza. Alisoma Mombasa mpaka akamaliza sekondari, kisha akapata shahada yake Uingereza. Alipotaka kazi ya kufundisha Kiingereza katika shule moja ya lugha huko Asia ya Mashariki, alipeleka barua yake pamoja na nakala ya pasipoti ya Kenya, maana ndiyo aliyokuwa akisafiria. Alijibiwa kwa mistari miwili kuwa uraia wake haukubaliki. Juma la pili alipeleka barua ile ile na shahada ile ile, ila pasipoti ilikuwa ya Uingereza. Akapewa kazi. Aliniandikia akiniuliza: "Mwalimu, katika juma hili moja nimejifunza Kiingereza kiasi gani?" Sikuwa na jibu, na wala shule ile haina.

Asidhani mtu kuwa hili ni kosa la karani mmoja. Katika Korea ya Kusini ni kanuni ya serikali. Viza ya kawaida ya mwalimu wa lugha ya kigeni, iitwayo E-2, hutolewa kwa mwalimu wa Kiingereza aliye raia wa mojawapo ya nchi saba: Marekani, Uingereza, Canada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika ya Kusini. Shahada hutakiwa, lakini si lazima iwe ya lugha wala ya ualimu. Aliyesomea elimu ya miamba aweza kuingia. Mwalimu wa India alifunguliwa mlango mwembamba kwa mapatano ya biashara, naye hutakiwa awe na cheti cha ualimu. Tazama basi: mwenye pasipoti teule hasumbuliwi kwa ujuzi, na mwenye ujuzi husumbuliwa kwa pasipoti.

Yamkini mtu atasema kuwa wakubwa wa kazi hizo huuliza pia mahali mwombaji aliposomea. Ni kweli. Lakini Mkenya aliyesoma London toka utotoni mpaka chuo kikuu, asipokuwa raia wa nchi mojawapo katika zile saba, masomo yake yote hayamfai kitu mbele ya kanuni hiyo.

Nchi ya Afrika ya Kusini imo katika orodha, na raia wake nawapongeza. Hata hivyo, hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa wasemao Kiingereza nyumbani mwao hawafiki mmoja katika kumi. Wengi wao walikipata shuleni, kama sisi tulivyokipata. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi pamoja na Kiswahili, na watoto wa Kenya hufundishwa na kutahiniwa kwacho. Ikiwa shule inatosha kumfaa mtu wa Durban, kwa nini isimfae mtu wa Kisumu?

Na tutazame Ulaya. Mpaka tarehe 31 Desemba 2020 mwalimu Mwingereza aliweza kwenda Madrid akafanya kazi pasipo kuomba kibali. Kulipopambazuka siku ya pili, haki hiyo ilikuwa imekwisha, kwa sababu ya nchi yake kujitoa katika Umoja wa Ulaya. Mwenzake mwenye pasipoti ya Ireland aliendelea kama kawaida. Basi Mwingereza mwenye uraia wa Ireland pia alishika kazi, na jirani yake asiye nao akaanza kutafuta vibali. Je, Kiingereza cha jirani kiliharibika usiku ule?

Itikadi hii ina asili, na sehemu ya asili hiyo iko kwetu. Mwaka 1961 wajumbe wa nchi za Jumuiya ya Madola walikutana Makerere kuzungumza juu ya kufundisha Kiingereza kama lugha ya pili. Robert Phillipson, katika kitabu chake Linguistic Imperialism cha mwaka 1992, alichambua mafundisho ya mkutano ule akayapata kuwa matano, na yote akayahukumu kuwa ni upotofu. Mojawapo ni hili: kwamba mwalimu bora wa Kiingereza ni mzawa wa lugha hiyo. Maneno hayo yalipata nguvu juu ya kilima cha Kampala, na leo yanawafungia milango wajukuu wa Kampala.

Wapinzani wangu wana hoja moja ya haki. Kila dola ina mamlaka ya kuchagua nani aingie nchini mwake. Nakubali. Lakini ruhusa ya kuingia ni jambo moja, na ushahidi wa ujuzi ni jambo jingine. Dola ikisema, "Hatutaki watu wa nchi yako," imesema ukweli, ingawa mchungu. Ikisema, "Hujui Kiingereza kwa sababu ya pasipoti yako," imesema uongo. Dawa yake si ngumu: mwombaji atahiniwe, asikilizwe, apewe darasa moja afundishe mbele ya wajuzi.

Madhara ya uongo huu si ya mshahara tu. Sheria ya Kenya yamruhusu raia kushika uraia wa pili, ila autangaze katika muda wa miezi mitatu. Mtanzania mtu mzima hana nafasi hiyo: akitwaa kwa hiari uraia wa nchi nyingine, wa kwao humpotea. Kwa hiyo kijana wa Tanga atakaye mkate huu aweza kujikuta akiuza uraia wake ili aaminiwe kwa lugha ambayo tayari anaijua.

Lakini nyani haoni kundule. Hata hapa kwetu zimo shule zinazompendelea mgeni mwenye uso mweupe, na mwalimu wetu aliyehitimu akaketi nje. Na Kiswahili nacho kimeanza kutafutiwa walimu ng'ambo. Tusije tukasema kuwa afaaye ni mzawa peke yake. Euphrase Kezilahabi, mwandishi wa Rosa Mistika, alizaliwa Ukerewe katika lugha ya Kikerewe. Kwa kipimo cha uzawa, tungemkataa mlangoni.

Wenye uraia wa nchi mbili siwashauri kuziacha kazi hizo, watu hula. Nawaomba jambo moja: mkisha kuketi katika viti hivyo, msizifiche shule zenu za Mombasa na Kisumu. Waambieni waajiri wenu mlikojifunzia Kiingereza, na kazi yenu njema iwe ushahidi kwa wale walioachwa mlangoni.