SINDANO MPYA, UONGO ULEULE



Kijana mmoja wa korali aliniuliza nyuma ya ibada: "Pasta, ni kweli kule Ulaya kuko avio inaruka bila moteri? Na kama haina moteri, zile saa zote mbele ya rubani ni za kazi gani?" Wenzake walimcheka. Mimi sikucheka, kwa maana swali lake lilinirudisha kwenye siku moja ya mwezi wa 7, mwaka 2019, siku ambayo mkono wangu mwenyewe ulikaribia kuharibu kazi. Basi mwezi huu ninamjibu hapa, na ninyi wote msikilize.

Mwaka ule nilialikwa Ujerumani na parokia moja tunayoshirikiana nayo. Nilipanga kwa mzee mmoja aliyekwisha kupata pansio, fundi wa umeme wa zamani. Kifaransa chake kilikuwa kidogo, na Kijerumani changu hapana kabisa. Lakini kwa mikono na vyombo watu wanasikilizana. Mzee huyu na mjukuu wake wa miaka 17 walikuwa na ndege ya namna ile, ndege bila moteri. Wafaransa wanaiita planeri. Mabawa yake ni marefu sana, tumbo lake ni jembamba, kiti ni kimoja, na mkia uko nyuma mbali.

Kule Ujerumani mambo haya ni ya zamani. Nyuma ya Vita ya Kwanza mapatano ya Versailles yaliwabana juu ya ndege zenye moteri, basi vijana wao walipanda mlima wa Wasserkuppe, wenye urefu wa metre 950, na mwaka 1920 wakafanya mashindano ya kwanza pale ya kuruka bila moteri. Siku zile ndege zilibaki hewani dakika chache tu. Leo mtu anaweza kuruka mamia ya kilometre. Namna gani? Jua linapasha udongo moto, udongo unapasha hewa, na hewa yenye moto inapanda. Umeona tai anayezunguka juu bila kupiga mabawa? Ni hivyo. Rubani anatafuta hewa inayopanda, anazunguka ndani yake, inampandisha, kisha anashuka polepole kwenda kutafuta ingine.

Lakini hewa haionekani kwa macho. Tena mtu aliyekaa ndani ya ndege hawezi kujua kwa mwili wake kama anapanda ao anashuka, mwili unadanganya. Njo maana kuko saa moja ndogo inayoitwa variometre. Sindano yake ikienda juu, unapanda. Ikienda chini, unashuka. Robert Kronfeld, mtu wa Austria, alikuwa mmoja wa wale wa kwanza kuitumia, na mwaka 1929 akapita kilometre 100 bila moteri.

Ndani ya variometre mambo ni rahisi, na ni ya ajabu. Nyuma yake kuna chupa kama termosi, ya karibu nusu litre, yenye hewa. Ndege ikipanda, hewa ya inje inapungua nguvu, na hewa ya ndani ya chupa inatoka kupitia ile saa na kusukuma kijibati chepesi. Njo sindano inageuka. Sasa sikia jinsi ilivyo kidogo: ukipanda metre 1 kwa sekunde, hewa inayopita pale kila sekunde ni kama tone moja la maji, basi. Kwa tone moja la hewa rubani anachagua njia yake.

Turudi kwa mzee wangu. Juma moja mbele ya mimi kufika, mjukuu alitua katika shamba la ngano iliyovunwa, mbali na kiwanja. Sindano ilimwambia: "Unapanda." Akazunguka. Kumbe anashuka. Akazunguka tena fasi ingine, ni vilevile, mpaka urefu ukaisha. Yeye hakuumia, ndege haikuvunjika. Lakini mzee alikasirika. Alitosha variometre ile, akanunua ingine mpya kwa pesa ya pansio, na bei yake haikuwa ya mchezo. Alhamisi akaruka yeye mwenyewe kuijaribu. Sindano mpya, uongo uleule.

Uongo huo ulikuwa wa namna gani? Nilielezwa hivi. Ukiwa kwenye kinga, ukishuka mlima kwa mbio, mbio ile inakupandisha kidogo kwenye mlima wa pili bila kukanyaga. Hujapewa nguvu na mtu. Ni mbio yako imegeuka kuwa urefu. Ndege ni vilevile. Rubani anayekwenda kilometre 150 kwa saa, akivuta fimbo mpaka mbio ibaki 90, anapanda metre 55 hivi. Lakini hewa haikumpandisha! Variometre ya kawaida haijui tofauti hiyo. Kwa hiyo wanatia juu ya mkia tiyo ndogo ya chuma, imepindwa, yenye tundu upande wa nyuma. Upepo ukipita pale unafyonza hewa ndani ya tiyo, na mbio ikizidi, inafyonza zaidi. Rubani akivuta fimbo, mbio inapungua, kufyonza kunapungua, na hesabu inarudi sawa: sindano haionyeshi urefu ule wa mbio, inaonyesha hewa peke yake. Kufyonza huko si kwa nguvu. Kwa kilometre 100 kwa saa, karibu na usawa wa bahari, kunainua maji milimetre 48 tu. Tundu dogo kama la sindano ya kushonea linatosha kukuharibia yote.

Jumamosi asubuhi tukaenda kwenye kiwanja. Mzee aliniambia maneno ambayo nimeyaandika katika kitabu changu: "Pasta, nilinunua saa mbele ya kuangalia tiyo. Ni ujinga wangu." Akatosha mpira mwangavu wa metre 2, akaupinda kama herufi U kwenye ubao, akatia maji yenye rangi nyekundu, na pembeni akafunga rula ya mtoto wa shule. Wale kati yenu wanaotumika chini ya udongo, kwa kazi ya kupitisha hewa katika mine, watajua mara moja chombo hiki. Nguvu ya hewa inapimwa kwa milimetre za maji, ni kitu kimoja.

Alibandika skochi juu ya tundu la ile tiyo ya mkia, akaunga ubao wake nyuma ya saa, kisha kwa seringi akavuta hewa polepole, polepole sana, mpaka maji yakasimama kwenye milimetre 100. Alinikataza kabisa kuvuta ao kupuliza kwa kinywa. Vyombo hivi vinasikia nguvu kidogo, na pumzi ya mtu inaweza kuviua. Akabana mpira kwa vidole. Tukaangalia. Maji yakashuka: 90, 70, 40. Na sindano ya variometre, pale chini kwenye majani, ndege imefungwa, ilionyesha "unashuka". Kama tiyo ingekuwa nzima, sindano ingerudi kwenye sifuri na kutulia.

Basi, inavuja. Lakini wapi? Kutoka saa mpaka mkia ni karibu metre 5. Mimi ningefungua yote. Mzee hapana. Alibana tiyo nyuma ya kiti, akavuta tena: maji yakasimama, hayakushuka. Maana yake saa, chupa na tiyo za mbele ni nzima, na ile saa ya zamani aliyotupa haikuwa na kosa. (Uso wake nauona mpaka leo.) Akatosha ile tiyo ya chuma ya mkia, akaziba fasi yake kwa kifuniko: maji yakashuka tena. Kwa hiyo mkia nao hauna kosa. Ilibaki katikati.

Alifunga kamba nyembamba kwenye ncha moja ya tiyo na kuivuta kwa ncha ya pili, ili kamba ibaki ndani na kumsaidia kurudisha tiyo mpya. Ile ya zamani tuliitia katika beseni la maji, tukapuliza. Viputo vitatu vikatoka pamoja. Fasi ile tiyo ilikuwa inapita katika tundu la ubao wa ndani, na mpira mdogo wa kuilinda ulikuwa umeanguka. Miaka mingi ubao uliisugua, kidogo kidogo.

Tiyo mpya ikaingia. Maji yakasimama kwenye 100, dakika nzima. Tukapeana mikono. Mama wa nyumba akaleta kahawa. Na hapa njo fasi ninayotaka mwangalie sana.

Ili mikono ipite, tulikuwa tumefungua hata tiyo mbili za saa ya mbio, ile inayofanana na konteri ya motokari. Moja inaleta upepo wa mbele, nyingine inaleta hewa iliyotulia kutoka matundu madogo ya pembeni. Zamani zilikuwa na rangi mbili. Jua limezifanya zote za manjano. Mzee aliandika 1 na 2 kwenye vipande vya skochi. Kimoja kilianguka. Mimi nilikuwa ninashika taa na kumpa tiyo. Nilikiona kile kipande kwenye majani, nikakiokota, nikakirudisha pale nilipofikiri ni pake. Sikusema kitu. Niliona haya kumsimamisha mzee kwa jambo dogo namna ile.

Kazi ilikuwa imekwisha. Mjukuu alikuwa amekwisha kukamata kifuniko cha kioo ili afunge. Lakini mzee akasema bado, tulifungua tiyo ngapi? Tatu. Tumepima ngapi? Moja. Akatia mpira kwenye tundu la pua ya ndege, akaukunja ncha polepole ili hewa ya ndani isukumwe kidogo. Sindano ya mbio inapaswa kupanda. Haikupanda. Ilishuka chini ya sifuri, ikakaa kwenye kizuizi chake.

Mtu hakusema neno. Kesho yake kijana alipaswa kuvutwa na winchi. Kamba ile inamkamata ndege chini na kumfikisha karibu metre 400 kwa muda wa nusu dakika ao zaidi kidogo. Mbio ikizidi, inaweza kuvunja mabawa. Ikipungua, ndege inaanguka. Na saa yake ingebaki kwenye sifuri toka mwanzo. Nikasema kwa Kifaransa: "Mzee, ni mimi." Nikamweleza kile kipande cha skochi. Alinitazama kidogo, akaguna, akageuza tiyo mbili, akapima tena. Sindano ikapanda vizuri. Kisha akapima na zile za pembeni: akabandika skochi juu ya matundu, na kwenye kila skochi akafunga utepe mwekundu mrefu. Utepe mwingine akaufunga kwenye fimbo ya kuongoza, ili mtu asiweze kukaa bila kuuona.

Nikamwuliza juu ya nini tepe nyingi hivyo. Akajibu neno moja: Lima. Tarehe 2 mwezi wa 10, mwaka 1996, Boeing 757 ya AeroPerú ilitoka Lima usiku. Watu walioiosha walikuwa wameziba matundu yale ya pembeni kwa skochi, na hawakuibandua. Marubani walipata urefu wa uongo na mbio ya uongo, juu ya bahari, katika giza. Watu wote 70 walikufa. Na mwezi wa 2 wa mwaka uleule, kule Puerto Plata, 757 ingine ilianguka na watu 189. Wachunguzi waliona kwamba tiyo moja ya upepo iliziba, labda kwa nyigu waliojenga ndani wakati ndege ilisimama siku nyingi bila kifuniko. Ndege kubwa za mamia ya watu, na saa ya mbio inapumua kwa tiyo zilezile kama za planeri ya mzee.

Jumapili nilihubiri asubuhi, nyuma ya chakula tukaenda kiwanjani. Tepe zote zilitoshwa. Mjukuu alizihesabu mbele yangu, akaniwekea mkononi. Alitaka kubaki hewani masaa 5, kwa maana ni moja ya mambo yanayotakiwa ili mtu apate alama ya feza, pamoja na kwenda kilometre 50 na kupanda metre 1000. Winchi ilimvuta. Tukamwona anazunguka, mdogo kama tai, kisha hatukumwona tena.

Alirudi nyuma ya masaa 4 na dakika 10. Mawingu yalifunika jua, udongo ukapoa, na sindano ikamwonyesha pote: chini, chini, chini. Aliisadiki, akageuka mapema, akatua kwenye kiwanja cha kwao, mbele ya bibi yake. Zile tepe nilikuwa bado ninazishika mkononi.