Tufungue Choki, Tusivunje Mrija

Mwalimu mwanafunzi anapokwenda katika mazoezi ya kufundisha huagizwa atafute zana katika mazingira ya shule. Agizo hilo ni jema. Lakini ipo zana moja inayookotwa kwa urahisi nayo yataka hadhari: taa ya mrija iliyokufa, ile ambayo wengi huiita tyubulaiti. Mwalimu huweza kushawishika kuivunja mbele ya darasa ili aonyeshe unga mweupe uliomo ndani. Kwa maoni yangu tendo hilo ni kosa popote, na katika mikoa ya Geita na Shinyanga ni kosa kubwa zaidi.

Tuanze na taa yenyewe. Ndani ya mrija mna gesi kidogo, kama vile agoni, na miligramu chache za zebaki. Kila ncha ina waya mwembamba wa tangsteni. Taa inapowashwa, umeme hupita katika choki, kisha katika nyaya za ncha zote mbili kwa njia ya stata. Ndani ya stata mna ukanda wa metali mbili zilizoshikamana. Ukanda huo ukipata joto hupinda na kuunga njia ya umeme, nazo nyaya za mrija hupata moto. Ukipoa hunyooka, na mkondo hukatika ghafla. Hapo ndipo choki hufanya kazi yake ya kwanza. Choki ni waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi juu ya chuma. Uga wake wa sumaku unapoporomoka huzaa volti mamia kadhaa, zaidi ya volti 230 za kawaida, nazo hupenya katika gesi na taa ikawaka.

Kazi ya pili ni ya breki. Gesi ikisha kuwaka, mkondo ukizidi nayo huzidi kupitisha umeme. Pasipo choki mkondo ungeongezeka mpaka mrija uharibike. Wakati huo mvuke wa zebaki hutoa miali ya urujuanimno isiyoonekana kwa macho, na ule unga mweupe huigeuza kuwa mwanga tunaousomea.

Basi somo la umeme limo katika choki, wala halimo katika vipande vya kioo. Chukua choki mbovu iliyokwisha ondolewa kabisa katika umeme, isiyo na kapasita, uifungue, wanafunzi waone chuma na shaba. Kisha kila kikundi kizungushe waya juu ya msumari na kuuunga na betri ya tochi. Msumari utavuta pini, na mtoto atakuwa ametengeneza kwa mkono wake ndugu mdogo wa choki.

Na zebaki je? Tumefundishwa kutoka katika kinachojulikana kwenda katika kisichojulikana. Mtoto wa Rwamgasa au Nyarugusu, au wa Kakola upande wa Kahama, huenda ameiona zebaki kabla hajaiona tyubulaiti. Wachimbaji wadogo huichanganya na mchanga wa mawe yaliyosagwa, ikashika dhahabu. Kisha huichoma, zebaki ikapaa hewani na dhahabu ikabaki. Mwulize mtoto huyo zebaki ilikwenda wapi. Akitambua kwamba iligeuka mvuke, amekwisha fahamu nusu ya siri ya taa. Sifa ile ile inayoiwasha taa, yaani wepesi wa kugeuka mvuke, ndiyo inayomdhuru mchomaji na watoto walio karibu naye. Mvuke huo huingia kwa pumzi, ukadhuru ubongo, neva na figo.

Wako watakaosema kwamba zebaki ya mrija mmoja ni kidogo mno kuliko ile anayoishika mchimbaji. Ni kweli. Lakini mtoto hatapima miligramu, atamtazama mwalimu. Akimwona anavunja mrija huku akicheka, atarudi nyumbani na ushahidi kwamba zebaki haina neno. Mafunzo yote ya afya yatakuwa yamebatilishwa kwa tendo moja.

Jambo hili ni la haraka. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2020, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kukomesha utengenezaji na biashara ya taa hizi ifikapo 2027. Taa za LED zinachukua nafasi yake. Kwa hiyo mirija mingi itateremshwa darini na kuachwa katika stoo na majalala, mahali ambapo watoto huokota vitu vya kuchezea.

Mrija mzima uhifadhiwe katika boksi lake, mbali na watoto. Ukivunjika kwa bahati mbaya, watoe wanafunzi, fungua madirisha, ngoja angalau robo saa. Usifagie kwa ufagio, bali kusanya vipande kwa karatasi ngumu, mikono ikiwa imekingwa, uvitie katika chombo chenye kifuniko. Kisha waeleze wanafunzi kwa nini umefanya hivyo. Huenda somo hilo la hadhari likafika hata kwenye karai la baba machimboni.