Nani Ana Ufunguo wa Uwanja

Jaladani mwa toleo hili tumemweka Mabel Fairbanks, Mmarekani mweusi aliyeishi kwa kuteleza kwenye barafu, na msomaji wa Lushoto ana haki ya kuuliza anatuhusu nini. Huku kwetu Julai hatuvui makoti, lakini barafu tunaiona kwenye jokofu la duka la soda. Tumemchagua kwa sababu maisha yake yanapinga jambo tunalolirudia kila tunapomsifu mwanamichezo wa kwanza wa aina yake, yaani kwamba alifika kwa moyo na kipaji. Moyo alikuwa nao, hakuna ubishi. Ila ukimfuatilia hatua kwa hatua, kilichoamua afike wapi na aishie wapi kilikuwa saa za kuingia uwanjani, pamoja na mtu aliyezigawa.

Miaka ya 1930, viwanja vya New York vilimrudisha mlangoni kwa sababu ya rangi yake. Alizidi kurudi mpaka meneja mmoja akamruhusu aingie wakati wa kufunga ukikaribia, wengine wakianza kuvua viatu. Maribel Vinson, aliyekuwa bingwa wa Marekani, akawa anampa maelekezo. Nyumbani alitengenezewa kiuwanja cha futi sita kwa sita ndani ya chumba. Hebu pima eneo hilo sakafuni kwako: mtu ataweza kuzunguka papo hapo kwa mguu mmoja, lakini kuruka kunakotaka mwendo hakuwezekani. Mashindano ya taifa nayo yalipitia vilabuni, na vilabu havikumpokea. Hivyo akawa mtelezaji wa kulipwa, kwani maonyesho ndiyo yaliyobaki wazi kwake. Baadaye huko Los Angeles akageuka kocha, akawafundisha bure wasio na ada. Mwanafunzi wake Atoy Wilson alitwaa taji la taifa la chipukizi mwaka 1966, Mmarekani mweusi wa kwanza kushinda taji la taifa katika mchezo huo. Tai Babilonia na Randy Gardner, ambao yeye ndiye aliyewaunganisha wakiwa watoto, walikuwa mabingwa wa dunia mwaka 1979. Yeye mwenyewe hana hata medali moja ya taifa.

Yupo atakayesema hayo ni mambo ya ubaguzi wa Marekani, na kwamba hapa hakuna anayezuiwa getini kwa rangi yake. Ni kweli, ila geti linaweza kufungwa kwa njia nyingine. Majirani zetu Kenya wametupa mifano miwili ya kulinganisha. Philip Boit, mkimbiaji kutoka Eldoret, alipelekwa Finland mwaka 1996 kwa fedha za Nike kujifunza kuteleza kwenye theluji kwa skii. Mwaka 1998 kule Nagano alimaliza wa mwisho, wa 92, dakika 20 hivi nyuma ya Bjørn Dæhlie wa Norway, ambaye alimsubiri mstarini amkumbatie. Picha ile tuliipenda, pengine kupita kiasi. Boit alirudi Olimpiki mwaka 2002 na 2006, kisha Kenya haikupeleka mtu tena mpaka Sabrina Simader mwaka 2018, naye alilelewa Austria. Kwa upande mwingine, mwaka 2005 hoteli ya Panari, Nairobi, ilifungua uwanja mdogo wa barafu. Kuingia ni kwa kulipa, na wengi hawamudu. Hata hivyo humo ndimo ilimokulia timu ya hoki ya Ice Lions, na mwaka 2024 shirikisho la kimataifa la mchezo huo likaipokea Kenya. Shujaa asiye na uwanja hakupata wa kumfuata. Uwanja usio na shujaa ulizaa timu.

Pingamizi zito zaidi ni la kipaumbele: Usambara ina shule zenye upungufu wa madawati na vijiji vyenye shida ya maji, nasi tunazungumzia michezo. Hatuombi barafu. Tunakumbusha tu kwamba baridi ya milima hii iliwahi kuwa starehe ya watu wengine. Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmstal na kupanda huku kukimbia joto la pwani. Waingereza nao walipenda hewa hiyo hiyo, huku miaka ya 1950 wakulima wa Kishambaa wakilazimishwa kuchimba matuta mashambani mwao. Muda wa kucheza nao hugawiwa. Leo msichana wa Soni au Mlalo anapandisha mlima na ndoo kichwani saa ambayo kaka yake yuko kiwanjani, kisha tunashangaa kwamba hatuna wakimbiaji wa kike. Maji yakifika karibu na nyumba, yeye ndiye anayepata saa hiyo, kwa hiyo bomba na kiwanja havigombanii fungu moja kama tunavyoambiwa. Na kiwanja cha shule kinachofungwa kufuli kila Jumamosi hakihitaji bajeti ya wizara ili kifunguliwe. Kinahitaji mwalimu mkuu, serikali ya kijiji na mzazi mmoja wa kusimamia wakubaliane juu ya saa mbili, na katika saa hizo mbili wasichana wawe na zamu yao.