Msiwanyang'anye Watoto Mikono Yao



Majilio yanapokaribia, vikundi vyetu vingi huanza kukusanya michango. Kinachonunuliwa kwa michango hiyo sote twakijua: maputo, nyota za plastiki, maua yenye kung'aa, na pengine pango zima la Noeli lililotoka kiwandani, Yezu, Maria na Yosefu wakiwa wamegandishwa juu ya kibao kimoja. Vijana hupanda ngazi wakapamba kanisa. Watoto wadogo, wenye umri wa miaka minne, mitano au sita, huamriwa kukaa kwenye benchi na kutogusa kitu. Wakichoka hugawiwa pipi. Wakisumbua huonyeshwa picha katika simu ya mmoja wenu mpaka Misa ianze.

Sisi tuliokwisha kukaa miaka mingi kati ya ubao wa darasa na benchi la katekisimu twasema bila kuzunguka: desturi hiyo ikomeshwe. Hatusemi kwamba plastiki ni dhambi. Twasema kwamba mtoto aliyeletwa kanisani ili atazame tu, amegeuzwa kuwa mgeni katika nyumba ya Baba yake. Mungu alimpa mikono miwili, nasi twamfundisha kuikunja.

Tunajua majibu yenu, maana tumeyasikia mara nyingi. Tuyapime moja baada ya jingine.

Jibu la kwanza: «Hatuna fedha za vifaa.» Ajabu ni kwamba fedha za maputo zilipatikana. Lakini tuache hilo, tuseme kweli hakuna kitu mfukoni. Je, karibu na parokia zetu hakuna udongo wa mfinyanzi? Hakuna mabua ya mahindi, maganda makavu ya migomba, maboksi ya sabuni, vizibo vya chupa? Ndugu zao wakubwa hutengeneza magari kwa waya na makopo ya samaki, tena yenye usukani unaogeuka. Huko Goma wavulana hujichongea tshukudu ndogo za mbao kwa kuiga zile kubwa zinazobeba viazi na makaa. Mpira wa mifuko mikuukuu iliyofungwa kwa kamba huchezwa katika kila mtaa wa nchi hii. Hakuna aliyewangojea wafadhili ili afanye hayo.

Mtauliza juu ya gundi. Chukueni vijiko viwili vya unga wa muhogo, mkoroge katika kikombe cha maji baridi hadi madonge yaishe, kisha mpike polepole huku mkikoroga mpaka uji uwe mzito na kuanza kung'aa. Ukipoa, hiyo ndiyo gundi. Yashika karatasi na majani makavu vizuri kabisa. Mama mmoja akinung'unika kwamba chakula chachezewa, asikilizwe kwa heshima, kwa kuwa anajua bei ya unga kuliko ninyi. Mwonyesheni kwamba ni vijiko viwili kwa watoto ishirini, wala hakuna kinachomwagwa.

Jibu la pili: «Muda wa mafundisho ni mfupi, watoto wajifunze sala kwanza, michezo baadaye.» Anayesema hivyo adhani mtoto ana kichwa upande huu na vidole upande ule. Tuliosomea ualimu tulifundishwa mapema juu ya Friedrich Fröbel, aliyeanzisha shule ya watoto wadogo huko Ujerumani akaiita «bustani ya watoto» mwaka 1840. Yeye aliwapa mipira ya nyuzi na vipande vya mbao, akawafundisha kukunja karatasi, kusuka na kufinyanga. Maria Montessori naye alifungua nyumba yake ya watoto mjini Roma mwaka 1907, katika mtaa wa maskini, akaona kwamba mikono ikipata kazi ya kweli, fikira hutulia. Mwalimu yeyote wa darasa la kwanza atawaambia vivyo hivyo: mtoto aliyezoea kukanda udongo na kupitisha uzi juu na chini hushika kalamu bila kuivunja. Anayepanga vizibo viwili vyekundu, kimoja cheusi, viwili vyekundu, kimoja cheusi, amekwisha kuanza hesabu.

Na imani je? Someni Kutoka, sura ya 31. Hapo Mungu anamjaza Besaleli roho yake, si kwa ajili ya kuhubiri, bali kwa ajili ya kuchonga mbao, kukata mawe na kufua dhahabu. Mwana wa Mungu mwenyewe alijulikana Nazareti kuwa fundi seremala. Mwenyeheri Isidori Bakanja wa kwetu, aliyetangazwa mwaka 1994, alikuwa msaidizi wa waashi alipoipokea imani. Basi mtoto anayefinyanga kondoo wa pango la Noeli hajaliacha fundisho. Huku vidole vikifanya kazi, atauliza kwa nini wachungaji walifika wa kwanza, na kwa nini mtoto alilazwa horini. Maswali hayo hayatoki kwa mtoto aliyeamriwa kunyamaza.

Jibu la tatu ni zito kuliko yote, nasi hatulidharau. Wengine husema: «Watoto wetu wanafanya kazi za mikono kupita kiasi. Wanachota maji, wanabeba wadogo zao mgongoni, na kule Kolwezi wako waliochambua mawe ya madini. Ninyi mwataka kuwaongezea kazi siku ya Bwana?» Ni kweli kwamba mikono ya watoto wengi wa Kongo imechoka kabla ya wakati. Sheria yetu ya mwaka 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumtumikisha kwa faida, na bado haitekelezwi popote inapopaswa. Lakini pimeni tofauti. Anayeosha mawe ya madini ameazimwa mikono yake na mtu mwingine. Hachagui kitu, wala hakipeleki nyumbani kitu alichokitengeneza. Anayefinyanga kondoo ameagizwa na nani? Yeye mwenyewe ndiye aliyeamua kwamba kondoo awe na masikio marefu. Mtoto aliyenyonywa, au aliyekimbia vita na kulala katika hema, ndiye anayehitaji kuliko wote saa moja ambamo mikono yake ni yake mwenyewe.

Limebaki jambo moja, nalo lawahusu ninyi hasa, mnaoitwa yaya na watoto hao. Wako vijana wanaokubali hayo yote, wakaleta udongo na karatasi, kisha wakaiharibu kazi kwa upendo wao wa unadhifu. Mtoto akikata nyota isiyo na ncha sawasawa, yaya humpokonya mkasi: «Lete nikufanyie.» Mwishoni nyota ishirini zote zafanana, Padri anasifu, na hakuna hata moja iliyo ya mtoto. Huo ni wizi. Kondoo akifanana na kiazi, acheni afanane na kiazi. Tusipime kazi kwa uzuri wake ukutani, bali kwa yale yaliyotendeka ndani ya aliyeifanya.

Haitoshi kulaumu, haya ndiyo tunayowaomba mwaka huu. Wiki ya kwanza ya Majilio, chimbeni udongo, mtoe mawe na mizizi, mchanganye mchanga mwembamba kidogo ili usipasuke. Wiki ya pili, kila mtoto afinyange mtu mmoja au mnyama mmoja, mwenye shingo fupi na miguu minene, kwa sababu miembamba huvunjika. Vikaushwe kivulini kwa siku kadhaa, visiwekwe juani. Wiki ya tatu vipakwe rangi ya udongo mwekundu, makaa yaliyosagwa na majivu. Wiki ya nne, watoto wenyewe walijenge pango kwa mabua na maganda ya migomba, nanyi mshike tu mahali wasipofika. Viwembe, waya na moto viwe mikononi mwenu, si mwao. Mbegu na vizibo visikaribie wale wadogo sana wanaotia kila kitu kinywani. Msiokote kamwe makopo ya dawa za mimea wala betri zilizokwisha.

Tangu shule za msingi za serikali zilipotangazwa kuwa za bure mwaka 2019, madarasa mengi yamefurika, na mwalimu mwenye watoto mia mbele yake hawezi kuangalia vidole vya kila mmoja. Shule za watoto wadogo nazo bado ni za wenye uwezo. Ninyi mna watoto, mna uwanja wa parokia, mna saa moja kila Dominika. Wengi hawana hata hayo.

Vitambaa walivyofuma wazee wa Wakuba huko Kasai kwa nyuzi za mwale vimehifadhiwa leo katika makumbusho ya Tervuren, nchini Ubelgiji, na watu hulipa kuvitazama. Wajukuu wa mikono hiyo wanunuliwe nyota za plastiki mpaka lini?

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi:

1. Mwaka jana tulitumia kiasi gani kwa mapambo, na watoto walitengeneza nini kwa mikono yao?

2. Katika mtaa wetu ni mama gani, mfinyanzi gani au seremala gani tunayeweza kumwalika aje afundishe pamoja nasi?

3. Ni nani kati yetu atakayekubali kukaa chini pamoja na watoto bila kuwapokonya mkasi?